Warsha za kompyuta chuoni haziachi kitu: wahadhiri, watumishi na wanafunzi wafundishaneje?

Isevya_TEHAMA, Tabora

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na mafunzo ya stadi za kidijitali vyuoni.

Niko kitengo cha TEHAMA katika chuo kimoja hapa Tabora. Kila mwaka ni yaleyale: anaitwa mwezeshaji kutoka nje, siku mbili ukumbini, projekta, kabrasha, cheti, watu wanatawanyika. Mwezi ukipita, mhadhiri yuleyule anamwomba karani amtafutie faili alilolipakua mwenyewe, na mwanafunzi yuleyule anapiga picha kurasa za kazi yake na kuzituma WhatsApp moja moja, nyingine zimepinduka.

Muhula ujao menejimenti imekubali tubadilishe. Hakuna mwezeshaji wa nje. Wahadhiri, watumishi wa ofisi, wakutubi na wanafunzi wajifunze pamoja kwa kufundishana. Tulicho nacho ni maabara yenye kompyuta 24, zinazofanya kazi 19. Intaneti inazidiwa ikifika saa nne asubuhi. Umeme hukatika bila taarifa. Moodle, mfumo wetu wa kuweka kozi mtandaoni, ipo, ila kozi nyingi ndani yake ni tupu. Waliojitokeza ni wahadhiri 12, watumishi 6 na wanafunzi 40.

Ninachoomba: nianzie wapi, makundi nipangeje ili mhadhiri asione aibu mbele ya mwanafunzi, na suala la bando nilitatueje? Siwezi kumwambia mwanafunzi alipie mafunzo ya chuo kwa fedha yake ya chakula.

---

Gungu_Mitaala, Kigoma

Mkuu, kabla ya kupanga makundi, pima. Usigawe dodoso la "unajua Excel kwa kiwango gani", kwa sababu karibu kila mtu atajipa nne kati ya tano. Wape kazi nane za mikono kwa dakika 40, kila mmoja kwenye kompyuta yake, na mtu anayepita nyuma akiweka tiki tu:

Kupakua faili, kulibadilisha jina, kulihifadhi kwenye folda na kulikuta tena. Kupunguza PDF ya MB 9 ishuke chini ya MB 2. Kuweka mitindo ya vichwa kwenye Word na kutoa ukurasa wa yaliyomo unaojipanga wenyewe. Kupata jumla na wastani wa safu ya namba. Kumshirikisha mwenzake waraka kwa ruhusa ya kusoma tu. Kutafuta makala moja ya kitaaluma na kunakili DOI yake, yaani namba yake ya utambulisho mtandaoni. Kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe. Na ya nane, kusoma ujumbe wa "nafasi za ajira" na kutaja dalili za utapeli zilizomo.

Matokeo huwa hayafuati umri. Wanafunzi wengi hupita haraka kwenye kushirikishana na picha, halafu wanakwama kwenye folda na majedwali, kwa sababu simu humficha mtu mahali faili lilipo. Wahadhiri humtambua mwandishi wa ovyo kwa aya moja, halafu wanakwama kwenye ruhusa za waraka. Kwa hiyo kila upande una cha kutoa. Ukianza na dhana kwamba vijana wanajua na wakubwa hawajui, wakubwa watajitenga na vijana wataficha wasichokijua.

Sasa hesabu yako. Vikundi 12, kila kimoja watu wanne. Vikundi sita viwe na mhadhiri mmoja, mtumishi mmoja, wanafunzi wawili. Sita vingine mhadhiri mmoja na wanafunzi watatu. Hapo wanafunzi 30 wamepata nafasi. Kumi waliobaki wawe wa dawati la msaada, nitalisema chini. Usiwaingize wote maabara kwa mara moja: vikundi sita kwa kikao, kompyuta mbili kila kikundi, ni 12. Saba zinabaki akiba, nawe utazihitaji, maana kati ya hizo 19 kuna zitakazogoma katikati ya kipindi.

Kompyuta mbili kwa watu wanne ni makusudi. Kila mtu akiwa na yake, kila mtu anafanya lake na hakuna anayemfundisha mwenzake.

Kikao kiwe dakika 90. Kumi za kwanza, kikundi kinataja kitu kitakachokuwa kimekamilika mwisho wa kipindi. Hamsini za kukitengeneza. Ishirini za kukirudia mwanzo mpaka mwisho, safari hii aliyekuwa hajui ndiye afanye bila kusaidiwa. Kumi za kuandika hatua kwenye karatasi moja. Hizo dakika ishirini ndizo zinazokatwa mara nyingi muda ukibana, na ndizo zinazobeba mafunzo yote. Bora ukate kazi yenyewe iwe ndogo.

Kanuni moja usiilegeze: anayejua hagusi kipanya. Anaeleza kwa mdomo, anayejifunza ndiye anabofya. Kijana mwenye mkono mwepesi atamaliza kazi ya mhadhiri kwa sekunde chache, mhadhiri atashukuru, na hatakuwa amejifunza chochote.

Kazi zitoke kwenye kozi zenyewe. Jaribio la maswali kumi kwenye Moodle litakalofanywa wiki hiyohiyo. Karatasi ya alama za kozi. Fomu ya kukusanya mada za utafiti. Barua ya ofisi yenye kiolezo. Mazoezi ya kubuni yasiyo na mtu anayeyasubiri huachwa njiani.

Kwa muhula wa wiki 15, kila kikundi kinatosha vikao sita: wiki ya 3, 5, 7, 9, 11 na 13 kwa nusu moja, nusu ya pili siku nyingine ya wiki hizohizo. Wiki ya kwanza ni usajili, usiiguse. Pima wiki ya 2, rudia kazi zilezile nane wiki ya 14. Angalia pia kalenda yenu ya majaribio ya kati na usogeze kikao kitakachogongana.

Menejimenti ikitaka mfumo wa kuegemea, Jisc, shirika la Uingereza la teknolojia ya elimu, lina mfumo wa nyanja sita za uwezo wa kidijitali, na Tume ya Ulaya ilitoa DigCompEdu mwaka 2017, wenye stadi 22 za mwalimu katika maeneo sita. Chukua mnachohitaji, msijaribu kuubeba mfumo mzima kwa muhula mmoja.

Dawati la msaada: meza moja maktaba, Jumanne na Alhamisi saa nne hadi saa sita, wanafunzi wawili na mtumishi mmoja. Wawe na daftari lenye safu nne: tarehe, tatizo, hatua iliyochukuliwa, limeisha au bado. Majina ya watu yasiandikwe. Kila baada ya wiki nne hesabuni tatizo lililojirudia zaidi na mliandikie mwongozo wa ukurasa mmoja, ubandikwe hapohapo. Daftari hilo litakueleza kikao kijacho kiwe cha nini kuliko kamati yoyote.

---

CheyoB_CR, Tabora

Shikamooni wakubwa. Naongezea upande wa wanafunzi, kwa sababu mipango hii ikivunjika huvunjikia hapa.

Kwanza, mwanafunzi asiwekwe kikundi kimoja na mhadhiri anayemsahihishia muhula huo. Hata kama wote ni waungwana, mwanafunzi hatathubutu kusema "mwalimu, hapo umekosea", na wenzake darasani watahisi alama zake zimetokana na kikundi. Wapangeni kwa kuvuka idara: mhadhiri wa elimu na wanafunzi wa biashara, wa sheria na wa elimu.

Pili, kufundishana kufanyike maabara au maktaba, mlango wazi, watu wanne. Kusiwe na vikao vya watu wawili ofisini kwa mtu wala vya usiku. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, lakini mpango mzuri hausubiri kosa litokee ndipo uweke kinga. Andikeni kanuni hii kwenye tangazo la kwanza kabisa, wasichana waione kabla ya kujiandikisha.

Tatu, mwanafunzi asigeuzwe mchapaji. Ni rahisi sana kikao cha kujifunza kikawa cha kuchapa mtihani wa mhadhiri au kuingiza alama zake. Kazi ya kikao iandikwe kwenye kadi mwanzoni na wote wanne waweke sahihi. Kikitokea kitu nje ya kadi, kisubiri.

Nne, hakuna mwanafunzi kupewa nenosiri la mhadhiri, hata kwa dakika tano, hata kama mhadhiri mwenyewe anasisitiza. Kompyuta ya mhadhiri ina mitihani. Mtihani ukivuja, wa kwanza kushukiwa ni yule aliyekuwa anamsaidia.

Na kuhusu kinachowasumbua wanafunzi: wengi wameandika kila kitu kwa simu tangu mwaka wa kwanza, na kazi ndefu wamechapishiwa steshenari kwa kulipia kila ukurasa. Wameziona nyaraka zao zikiwa tayari, hawajazitengeneza. Msianze na slaidi zenye madoido. Anzeni na kibodi, folda, na tofauti kati ya kuhifadhi na kuhifadhi kwa jina jipya. Wengine wataona ni kudharauliwa. Kile kipimo cha kazi nane kitawaonyesha wenyewe.

Mkiweza, wapeni barua inayotaja saa walizotumikia na walichofundisha. Barua yenye maelezo inamsaidia mtu anapoomba mafunzo kwa vitendo kuliko cheti cha "kuhudhuria". Kama wahadhiri wanapewa bando la mafunzo, wanafunzi wapewe kiasi kilekile.

---

Kibirizi_Mitandao, Kigoma

Naja kwenye bando na intaneti.

Suluhisho la maabara yako ni kufanya mafunzo yasiitegemee intaneti kabisa. Unahitaji Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, yenye GB 4 za kumbukumbu, kadi ya GB 64 au zaidi kutoka chapa inayoaminika, chaja yake ya volti 5 na ampea 3, rauta ya Wi-Fi na kebo ya mtandao. Unaweka MoodleBox, ambayo ni Moodle iliyofungashwa tayari kwa kifaa hicho, ya bure. Wote waliomo maabara wanaunganisha Wi-Fi na kufungua Moodle kwa kivinjari, bila kutumia hata MB moja ya bando.

Mambo yanayoharibu mpango huu ni haya.

Chaja. Ukitumia chaja ya simu ya mtaani, umeme unashuka kifaa kikizidiwa na kadi inaharibika polepole. Dalili ni alama ya radi kwenye skrini. Usiipuuze.

Umeme kukatika ghafla kadi ikiwa inaandika. UPS (betri ya akiba) ndogo tu inatosha, Pi inakula umeme kidogo sana. Na hata ukiwa na UPS, kila mwisho wa wiki nakili kadi nzima kwenye kompyuta, na uwe na kadi ya pili iliyokwisha kuandikwa. Ya kwanza ikifa unabadilisha na kuendelea baada ya dakika tano.

Wi-Fi ya ndani ya Pi yenyewe haiwezi maabara nzima. Izime, tumia rauta. Rauta ya kawaida ya nyumbani nayo huanza kuchoka watu wakifika 25 au 30, kwa hiyo ule mpangilio wa vikundi sita, watu 24, unakufaa. Waambie wasiunganishe simu na kompyuta kwa wakati mmoja.

Nenosiri la awali la MoodleBox linajulikana na kila aliyesoma maelekezo yake. Libadilishe siku ya kwanza.

Kuhamisha kozi kutoka Moodle ya chuo: toa nakala ya kozi, faili la mbz, urejeshe upande wa pili. Angalia matoleo. Nakala ya Moodle ya zamani huingia kwenye mpya. Ya mpya kuingia kwenye ya zamani haitegemewi, mara nyingi inagoma. Wakati wa kutoa nakala, usijumuishe watumiaji, ili majina na alama za wanafunzi visisafiri.

Ruhusa ndani ya Moodle: fungua kozi tupu inayoitwa "Mazoezi". Humo tu mwanafunzi wa kufundisha apewe nafasi ya mwalimu asiyehariri. Akimwelekeza mhadhiri, mhadhiri ndiye ahariri. Nafasi ya meneja asipewe mtu nje ya kitengo chako.

Lalamiko litakalokujia wiki ya kwanza ni "Moodle inakataa faili langu". Kiwango cha ukubwa wa faili kimewekwa mahali patatu: kwenye PHP ya seva (lugha ya programu inayoiendesha Moodle), kwenye mipangilio ya tovuti nzima, na kwenye kozi. Kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. PHP ikiachwa ilivyo, kikomo cha faili moja ni MB 2 na cha fomu nzima ni MB 8. Unaweza kuongeza kwenye kozi mpaka uchoke na isisaidie chochote, kama upload_max_filesize na post_max_size kwenye seva hazijaguswa. Lakini usipandishe mpaka MB 200 kwa sababu tu watu wameomba. Wafundishe kupunguza.

Mhadhiri anayetaka kurekodi somo asirekodi video. Sauti peke yake, chaneli moja, kilobiti 32 kwa sekunde, inakula takriban MB 14 kwa saa. Dakika 20 hazifiki MB 5, na maneno yanasikika vizuri kabisa. Pamoja na slaidi zilizopunguzwa, mwanafunzi aliyeko Uvinza au Sikonge anapakua somo zima kwa bando la kawaida.

Mwanafunzi naye ana programu ya Moodle ya simu. Anapakua kozi akiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, anasoma nyumbani bila mtandao. Jaribio nalo linaweza kufanyika bila mtandao, mradi mhadhiri awe ameruhusu hilo kwenye mipangilio ya jaribio, asiwe ameweka kikomo cha dakika, na majibu yawe ya kuonyeshwa baada ya kumaliza. Ukiweka kikomo cha dakika, jaribio halifunguki bila mtandao, na watu watadhani simu zao ni mbovu.

Kama una nafasi kwenye diski ya nje, ongeza Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila mtandao. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 90, lakini ya Kiswahili ni ndogo kiasi cha kukaa kwenye simu.

---

Ipuli_Matokeo, Tabora

Wote mmesema vizuri. Mimi naomba angalau vikao viwili kati ya sita viwe vya karatasi za alama, kwa sababu hapo kosa la kidijitali linamgusa mtu maisha yake. Mtu anaweza kurudia mwaka kwa sababu ya kisanduku kimoja.

Tengenezeni karatasi ya mazoezi yenye wanafunzi 30 wa kubuni: namba ya usajili, jina, jaribio la kwanza, la pili, kazi ya nyumbani, mtihani. Tuseme kazi za muhula ni 40 na mtihani ni 60. Halafu mpandikize humo makosa, na kila kikundi kiyawinde. Mhadhiri anajua kanuni za chuo kuhusu alama, mwanafunzi anajifunza fomula, na mtumishi wa ofisi ya mitihani anajua makosa yanayorudi kila muhula. Hakuna mmoja wao anayeweza kuyamaliza yote peke yake.

Ya kupandikiza:

Safu tupu kati ya majina na alama. Mtu akipanga majina kwa alfabeti, Excel inaona data imeishia kwenye ile safu tupu, inapanga majina na kuziacha alama zilipokuwa. Hakuna onyo lolote. Kila mwanafunzi sasa ana alama za mwingine. Kinga yake: futa safu tupu, bonyeza Ctrl+T data iwe jedwali moja, ndipo upange. Na kabla ya kupanga, andikeni pembeni alama za watu watatu mnaowafahamu, mlinganishe baadaye.

Mtu asiyefanya jaribio kuandikiwa neno kama "HAYUPO". Ukijumlisha kwa alama ya kujumlisha, C2+D2+E2, utapata #VALUE!, na angalau utajua kuna tatizo. Ukitumia SUM, neno linarukwa na jumla inatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Na kisanduku kitupu si sawa na sifuri: AVERAGE inakiruka kitupu, sifuri inaihesabu. Aliyepata 30 na hakufanya la pili atakuwa na wastani wa 30 au 15 kutegemea umeandika nini. Kanuni za chuo ndizo ziamue, Excel isiamue yenyewe.

Alama iliyoandikwa kwa herufi O badala ya sifuri. Inaonekana kama namba, ila imeegemea kushoto, na SUM inairuka.

Uzito wa mtihani, 60%, umewekwa kwenye kisanduku H1, na fomula imeandikwa F2*H1. Ukiiburuta chini inakuwa F3*H2, na H2 ni tupu, kwa hiyo mtihani wa kila aliye chini unakuwa sifuri. Iandikwe F2*$H$1, ukiwa ndani ya fomula bonyeza F4 alama za dola zinaingia zenyewe.

La mwisho ndilo linaloleta rufaa. Jumla ni 39.6. Kisanduku kimeondolewa desimali, kinaonyesha 40. Fomula ya daraja inasema akifika 40 amefaulu. Mwanafunzi anaona 40 na pembeni ameandikiwa amefeli. Kilichobadilika ni sura ya namba, thamani yake bado ni 39.6. Kama kanuni zenu zinaruhusu kuikaribisha jumla kwenye namba nzima, tumieni ROUND kwenye jumla yenyewe kabla ya daraja. Kama haziruhusu, acheni desimali zionekane.

Alama za kweli zisiingie kwenye mafunzo hata siku moja. Mhadhiri akishaelewa, akafanye za kwake ofisini.

---

MkutubiUjiji, Kigoma

Msisahau maktaba. Mkutubi asiwe mwalikwa wa kikao kimoja cha "jinsi ya kutafuta makala". Awe kwenye kikundi kama wengine.

Tanzania imo kwenye kundi la Research4Life linalopata majarida bila malipo, kupitia taasisi iliyosajiliwa. Mwulizeni mkutubi wenu kama chuo kimesajiliwa. Jina la kuingilia ni la chuo na mkutubi ndiye mwenye dhamana nalo. Likibandikwa kwenye makundi ya WhatsApp, likatumiwa na watu wa nje, taasisi nzima inaweza kufungiwa.

Kwa marejeo, Zotero, programu ya kuyatunza na kuyapanga, ni ya bure. Tatizo la bando hutokana na kusawazisha mafaili: nafasi ya bure ni MB 300, na PDF zinaijaza haraka huku zikila mtandao. Kwenye mipangilio ya usawazishaji ondoeni tiki ya mafaili, acheni ya taarifa za marejeo tu. Mfundisheni pia kila mtu kukagua kinachoingia. Majina yetu mara nyingi huingia yamegeuzwa, jina la kwanza likawa la ukoo, na vichwa vingine huja kwa herufi kubwa tupu. Mwanafunzi anaweza kumfundisha mhadhiri vitufe kwa nusu saa; mhadhiri ndiye atakayeona kwamba rejeo hili lina mwaka usio sahihi.

Kuna kazi moja nzuri ya pamoja kuhusu programu za akili unde zinazoandika. Kikundi kiiombe programu marejeo kumi kwenye mada ya mhadhiri, halafu waingize kila DOI kwenye doi.org. Mengine yatafunguka makala tofauti kabisa, mengine hayatafunguka. Mwanafunzi aliyeona hivyo kwa macho yake hahitaji hotuba.

Na jambo ambalo hakuna aliyeligusa: wanafunzi wasioona. Vyuo vyenye ualimu wa elimu maalumu wanao. NVDA ni msomaji-skrini wa bure kwa Windows, yaani programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye skrini, na sauti ya Kiswahili imo ndani yake kupitia eSpeak NG. Waraka wa Word wenye mitindo halisi ya vichwa unamwezesha mtu kuruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kitufe kimoja. Waraka ambao vichwa vyake vimekozwa wino tu hauna vichwa kwa NVDA, ni maandishi yaleyale mwanzo mpaka mwisho. PDF iliyotokana na picha za simu kwake ni ukurasa mtupu. Kwenye kikao cha Word, zimeni skrini moja, wote wasikilize waraka wao ukisomwa. Kama mna mwanafunzi anayetumia NVDA kila siku, kikao hicho akiongoze yeye.

---

Isevya_TEHAMA, Tabora

Nashukuru sana wakuu, na wewe CR (mwakilishi wa darasa) umenena. Nimechukua yote, kipimo cha kazi nane nimeanza kukiandaa.

Mawili yamebaki. Baadhi ya wahadhiri hutuma alama kwenye kundi la WhatsApp la darasa, jina na namba ya usajili kwa pamoja. Hili niliingize kwenye mafunzo? Na flashi: maabara yetu imejaa vile virusi vya kugeuza mafaili kuwa njia mkato (shortcut).

---

Gungu_Mitaala, Kigoma

La alama liingize kikao cha kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na alama za mtu pamoja na jina lake ni taarifa binafsi. Njia mbadala ipo mkononi mwako: kitabu cha alama cha Moodle humwonyesha kila mwanafunzi zake tu. Kikundi kimsaidie mhadhiri kukifungua kwenye kozi ya mazoezi, na hiyo ndiyo iwe kazi ya kwanza ya muhula.

---

Kibirizi_Mitandao, Kigoma

Flashi: mtu asibofye ile njia mkato, hapo ndipo kirusi kinapoamka. Changanua flashi kwanza kwa antivairasi iliyosasishwa, futa ilichokikuta. Mafaili hayajapotea, yamefichwa. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), na kama flashi ni herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri amri imalize, fungua flashi, mafaili yamerudi. Wakati mwingine yanakuwa ndani ya folda isiyo na jina. Yahamishe kwenye kompyuta safi, kisha futa flashi yote upya. Kompyuta zote 19 zisafishwe siku moja, ikibaki hata moja ina kirusi, wiki ijayo utaanza tena. Baada ya hapo, kazi za wanafunzi zipokelewe kwa MoodleBox, flashi zikae mifukoni.